Mkia wa Herufi ya Mwisho

Nilizitambua herufi zile kutoka ng'ambo ya barabara, kabla hata sijasoma zinasema nini. Nilikuwa nimeshuka kwenye tramu karibu na stesheni ya Midi, hapa Bruxelles, napanda taratibu kuelekea Saint-Gilles, mikono mfukoni. Ile kuinua macho tu, nikaziona kwenye kioo kikubwa cha mbele cha mkahawa wa Maman. Nene, za dhahabu, zenye kivuli cha rangi ya divai upande wa kushoto, na kila mguu umepasuka chini kama mkia wa samaki. Herufi za kauboi. Herufi zangu kabisa, ila si mimi niliyeziandika.

Nilisimama pale mpaka mtu mwenye baiskeli akanipigia kengele. Sitazunguka: niliona wivu. Kuna wivu wa kusema hongera huku umeuma meno, huo naujua na nimeishi nao vizuri tu. Huu ulikuwa wa kutaka kukaa chini barabarani. Nilipita mbele ya mlango bila kuingia, nikaenda zangu hadi mwisho wa mtaa, nikarudi kwa njia nyingine ili nisizione tena, halafu nikageuka nikaenda kuziona tena.

Inabidi nieleze kwa nini mtu mzima aumwe na herufi.

Ujana wangu wote niliupitisha Bukavu, kule Kongo, katika atelier, karakana ya kuandika mabango. Tulikuwa wanne na bosi mmoja mkali, patron wetu, tukiandika chochote kilichotaka kuandikwa: baa, saluni, duka la dawa, milango ya malori. Herufi za kauboi ndizo wateja walizozipenda kuliko zote. Baa isiyokuwa nazo ilionekana kama nyumba ya mtu aliyehamia jana. Patron alizitoa kwenye bati la biskuti la zamani, sijui lilimfikiaje, na bati lile ndilo lilikuwa shule yetu. Tabu ni kwamba lilikuwa na maneno mawili tu. Herufi ambazo hazikuwemo ilibidi tuzibuni wenyewe. K haikuwemo, na hebu fikiria, utaandika nini Kivu bila K? Patron alichukua R, akaipasua tumbo, akaiita K. Basi K yetu ikabaki na mguu wa R, imepinda kidogo, kama mtu anayechechemea. Mji mzima ulisoma K yetu inayochechemea na hakuna aliyelalamika. S ilikuwemo, lakini S peke yake ilinichukua karibu mwaka, na patron alikuwa akiifuta kwa kitambaa mbele ya macho yangu.

Tulikuwa pia na desturi yetu, ambayo sijaiona kwa watu wengine. Bango hatukulimaliza. Tuliandika herufi zote, tukatia vivuli, tukasafisha pembeni, lakini ncha ya nje ya mkia wa herufi ya mwisho tuliiacha wazi. Kipande kidogo, ukubwa wa kidole gumba. Siku ya kufungua, mwenye nyumba alipika, akaita watu, na mbele yao mmoja wetu akapanda na burashi kuitia ile ncha. Tuliita kufunga herufi. Baada ya hapo ndipo tunakula. Patron alisema kwamba nyumba ambayo haijatulisha, bango bado si lake. Nadhani alianzisha jambo lile kwa njaa tu, lakini sisi tuliliheshimu kama sakramenti.

Hapa Bruxelles hakuna aliyewahi kuniuliza habari za herufi. Nilipachika milango ya magari kiwandani, kule Forest, miaka mingi, mpaka mikono ikazoea. Kiwanda kilipofungwa, wenzangu wengine walilia, wengine wakaenda kusomea kazi mpya. Mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa na siri yangu ndogo ya kunifurahisha: nilikuwa na bango la kuandika.

Mwenye ule mkahawa sote tunamwita Maman, ingawa hanizidi hata miaka mitano. Ni mtu wa Bukavu, baba yake alikuwa na baa kule, na anapika sombe, majani ya muhogo, inayowatoa watu Schaerbeek hadi Saint-Gilles kwenye mvua. Alipoamua kutengeneza upya sehemu ya mbele, alikuja kwenye meza yangu akasema, "Papa, ile enseigne ni yako. Weye njo utaandika, hakuna mwingine." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilinunua burashi za manyoya laini. Nilitandika makaratasi magumu kwenye sakafu ya sebule, nikapiga mistari kwa kamba iliyopakwa chaki kama tulivyofanya atelier, mke wangu akawa anapita kwa kuruka.

Nilichora kwa wiki nane. Hapo kosa ni langu na nalikubali, ingawa wakati ule nisingelikubali hata ungenipa nini. Kila Maman alipouliza, nilimjibu bado kidogo. Mkono ulikuwa umekaa sana bila burashi, S ilinigomea upya, na niliona haya kumwonyesha kitu ambacho patron angekifuta.

Katika wiki hizo nane ndipo bwana mmoja wa Lubumbashi alipoingia katika habari hii. Tunasali kanisa moja, Schaerbeek. Ana miaka thelathini na kitu, ana mke na kazi nzuri ya kompyuta katika nyumba ya kuchapisha, na kucha zake ni safi kuliko za daktari. Yeye ndiye anayetengeneza programu za ibada, matangazo ya misiba, mialiko ya harusi. Kila kitu chake kinasifiwa. "Lakini huyu muntu ana mkono!" wanasema akina mama, na mimi nakaa kwenye kiti changu nikijiuliza mkono upi, maana hajawahi kushika burashi maishani mwake. Ubaya zaidi ni kwamba ananiheshimu. Ananisogezea kiti. Mtu ukimwonea wivu halafu anakusogezea kiti, unakosa hata pa kuuweka.

Jumapili moja, baada ya ibada, alifungua kompyuta yake ukumbini akaniita. Alikuwa amesikia kwamba niliwahi kuandika mabango.

"Papa, kuya uangalie. Hizi lettres, unazijua? Ni western, za zamani kabisa."

Zilikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, zote, zimejipanga mistari mitatu. Nikamuuliza kama alizichora yeye.

"Mi? Non, Papa, mi sijue kuchora. Niliziona tu ku internet, nikatélécharger. Unaandika, zenyewe zinajipanga. Essaie, Papa, andika kitu."

Nilinyoosha kidole kimoja nikaandika KARIBU. Pale pale, bila chaki, bila kamba, bila kufutwa na mtu, neno lilisimama limevaa nguo zake zote, mikia imepasuka sawasawa, mwiba wa pambo katikati ya kila nguzo ya herufi. Kidole changu mwenyewe kilifanya kwa kupepesa macho kile ambacho mkono huo huo ulikitafuta miaka. Na K! K ile haikuchechemea. Ilikuwa na mguu wake halisi, ulionyooka, unaotoka mahali ambapo hatukuwahi kupafikiria. Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sisi tuliihangaikia gizani, na huyu bwana aliipata bure, pamoja na nyingine zote, kabla ya kifungua kinywa.

"Ni muzuri, ein, Papa?" aliniuliza.

Nikasema ni nzuri. Nilimwambia pia kwamba nafasi kati ya A na R ni pana mno, jambo ambalo halikuwa kweli. Akanishukuru akaandika kwenye simu yake.

Siku chache baadaye Maman alinikalisha chini mkahawani. Alianza kwa kuniwekea chai, na mtu wa Bukavu akianza kwa chai ujue kuna jambo.

"Papa, bon, usikasirike. Mwenye nyumba anaomba dessin, na mesures, na couleurs, na ku commune nako banaomba ile ile. Ule petit wa Lubumbashi alinifanyia byote mu siku mbili. Na lettres ni zile zile zetu, utaona, donc ni kama weye tu."

"Hakuna shida, Maman," nilisema. Kweli, mchoro wenye vipimo na rangi, wa kumwonyesha mwenye nyumba na watu wa manispaa, sikuwa nimemletea.

"Nilikungojea, Papa. Nilikungojea mpaka nilichoka."

"Hakuna shida kabisa."

Nilisema kwa sauti nzuri sana. Nilimaliza chai, nikaenda nyumbani, nikakunja makaratasi yangu nikayaweka nyuma ya kabati. Mke wangu alifurahi kuipata sebule yake.

Basi ndivyo nilivyokuja kusimama ng'ambo ya barabara siku ile. Stika, herufi za plastiki alizochapisha yule bwana, zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo kwa unadhifu ambao ulinikera. Kuanzia hapo nilipita kila siku, sina kazi, nina miguu. Nilikuwa natafuta kosa. Nilipima kivuli kwa jicho: sawa. Nilitazama mstari wa chini: umenyooka. Jina la mkahawa ni jina la mama yake Maman, lina A mbili, na A hizo zilifanana kama mapacha waliovalishwa na shangazi mmoja. Hilo nililishikilia kwa siku mbili tatu. Nikajiambia kwamba mkono wa mtu haurudii A, kwamba herufi zile zimekufa. Lakini zilikuwa nzuri. Wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo kuzisoma. Mzee mmoja Mbelgiji alizipiga picha, na mimi nikamchukia yule mzee, ambaye hakunifanyia kitu.

Kosa moja tu nilipata, na kosa hilo hakuna mwingine angelijua: bango lilikuja limekwisha kufungwa herufi. Lilifika ndani ya karatasi ya kuviringishwa, likabandikwa alasiri moja, likawa limekwisha. Hakuna aliyepanda na burashi mbele ya watu. Hakuna sufuria iliyopikwa kwa ajili yake. Nilijiambia kwamba Maman, mtoto wa mwenye baa, alipaswa kuona aibu.

Jumatatu mkahawa haufunguliwi. Jumatatu moja asubuhi nilikwenda pale na pazia limeshushwa, nikasimama karibu na kioo kama mtu anayesoma bei za chakula. Herufi ya mwisho ni A. Nilitia ukucha chini ya ncha ya nje ya mkia wake, nikavuta. Ilibanduka kirahisi, kwa urahisi ulionitia hasira, maana rangi ya mafuta ingepigana nami. Kipande kikaning'ang'ania kidoleni hadi kwenye tramu. Sikutaka kukitupa chini mbele za watu, nikakibandika nyuma ya kadi yangu ya tramu. Halafu nikaketi, nimeridhika kwa vituo viwili tu. Kituo cha tatu nilianza kuogopa.

Wiki nzima sikupita mtaa ule. Jumapili, baada ya ibada, Maman alinifuata mlangoni akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu.

"Papa, kesho kutwa, mardi saa sita, ukuye na brosse yako na rangi ya dhahabu. Kuna kazi kidogo."

Sikuuliza kazi gani. Usiku huo na uliofuata sikulala vizuri.

Jumanne nilimkuta yule bwana wa Lubumbashi mbele ya kioo, ameomba ruhusa kazini, uso umemshuka. Alikuwa ameishika ile sehemu kwa vidole kama mtu anayegusa jeraha la mtoto.

"Angalia, Papa. Balevi, hapa karibu na gare. Bamearibu tu bure, hata siyo kuiba. Mi nilisema niimprimer ingine, Maman anakatala. Anasema ni weye utatengeneza."

"Acha Papa afanye," Maman alisema kutoka ndani.

Nikachungulia. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa. Kulikuwa na ugali wa fufu, sombe, samaki wakubwa wawili wa kuokwa, na watu saba au wanane wa kanisani wamekaa wamevaa vizuri, wanaangalia nje, wanangoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Maman alikuwa amepika chakula cha kufunga herufi.

Nilichanganya rangi kwenye kifuniko cha mkebe. Dhahabu kidogo, kahawia kidogo, tone la nyeupe, mpaka ikafanana na ile ya stika. Niliegemeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto kama tulivyofundishwa. Wazo lilinijia, nalisema kama lilivyokuwa: iache tofauti. Ipinde kidogo, ifanye ichechemee, ili kila atakayepita ajue kwamba pale kuna mkono wa mtu. Lakini mkono haukukubali. Ulishuka mara moja, ukazunguka kwenye mpasuko, ukatoka pembeni mkali na safi, na ncha ikakaa pale kana kwamba haikuwahi kuondoka. Watu wakapiga makofi. Yule bwana alisogeza uso karibu na kioo, akatafuta mahali stika inapoishia na rangi inapoanzia, hakupaona.

"Papa," alisema, "hata mi mwenyewe sioni."

Kazi yangu bora kuliko zote nilizofanya tangu nifike nchi hii, na uzuri wake wote ulikuwa katika kutoonekana. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Tulipokuwa tunakula, Maman alikuja kukaa karibu yangu, akaanza kunichambulia samaki kama ninavyofanyiwa na dada zangu. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia.

"Enseigne ya baba yangu, patron wako njo aliandika. Nilikuwa mutoto. Siku ya kufunga, mama alipika tangu asubuhi."

Nikasema nakumbuka baa ile.

"Mulevi wa Bruxelles, Papa, angekwangua popote. Katikati, juu, popote. Mu hii muji yote, muntu mwenye anajua kuacha ile kamukia ka mwisho, ni mumoja tu."

Nilirudisha tonge sahanini. Nilitaka kusema kitu, sijui nini, pengine pole, pengine kwamba si mimi. Yeye aliweka samaki kwenye sahani yangu.

"Ni mimi nilikosa kupika siku ya kwanza," alisema. "Sasa nimepika. Kula."

Akainuka kwenda kuwatazama wengine. Hajawahi kulitaja tena. Mimi nilibaki na aibu yangu, na ndani ya aibu, sitadanganya, wivu ulikuwa bado umekaa mahali pake, haujasogea hata kidogo, kwa sababu upande wa pili wa meza walikuwa wanampa yule bwana pole na kumsifu tena kwa jinsi kioo kilivyopendeza.

Kiangazi kilipita, na baridi, na mvua zake. Kioo kile kinaangalia jua la mchana. Polepole stika zikaanza kufifia. Dhahabu ikawa manjano, manjano ikawa rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Rangi ya mafuta haifanyi hivyo. Mwaka huu, kuja kwa masika, ukisimama ng'ambo ya barabara unaona neno zima limechoka, na mwisho wake, chini kulia, ncha moja inang'aa peke yake. Watoto wanaionyesha kwa vidole. Mwanzoni nilifurahi mno. Nilikuwa nikipita makusudi, jua likiwa juu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mkahawani, umejaa. Yule bwana aliingia na mke wake, akaniona, akaja moja kwa moja. Hakukaa kwanza. Alishika bega langu na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Bantu, muangalie ile kioo pale inje. Mi niliweka plastiki, Papa aliweka rangi. Ya kwangu imekufa, ya kwake iko inang'aa. Vrai artiste ni huyu hapa. Mi natafuta tu ku internet."

Watu wakageuka kunitazama. Ni maneno yale yale niliyokuwa nimeyatunga mwenyewe kitandani zaidi ya mwaka, neno kwa neno karibu, na nilikuwa nimeyaweka kinywani mwake huyu huyu. Sasa yalikuwa yamesemwa, bure, kwa moyo mweupe, mbele ya watu.

"Ile ncha," nilisema, "ni mimi niliyeibandua."

Yule bwana ndiye aliyeanza kucheka, akapiga meza kwa kiganja, na mkahawa mzima ukafuata. "Papa weye!" walisema, wakidhani natania. "Huyu Papa ana mambo!" Mke wake alifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Kadi ya tramu ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, na kile kipande kilikuwa nyuma yake, kimekunjamana pembeni lakini dhahabu yake haijafifia, kwa sababu hakijaona jua. Ningeweza kuitoa, nikaiweka mezani, wakaamini. Mkono ulifika mfukoni, ukabaki pale.

Maman peke yake hakucheka. Alitoka jikoni na sufuria, akaniongezea samaki, akasimama pembeni ya kiti changu akiangalia mkono wangu, akingoja. Niliutoa mtupu, nikamega fufu, nikala.